Sala Iliyoandikwa au Maneno Yako Mwenyewe? Ulinganisho kwa Anayetaka Kusali kwa Unyofu

Mkristo anayeamua kusali kila siku nyumbani kwake, wala si kanisani tu, hukutana mapema na uchaguzi ambao wengi huupita bila kuutafakari. Je, ashike kitabu cha sala, rozari au Zaburi na kufuata maneno yaliyotungwa na wengine kabla yake, au afumbe macho na kumweleza Mungu yaliyo moyoni kwa maneno yanayomjia wakati ule ule? Katika nchi zetu za Afrika Mashariki jibu mara nyingi hutolewa na dhehebu kabla mtu hajalifikiria mwenyewe. Mkatoliki, Mwanglikana na Mlutheri huambiwa na jirani yake mlokole kwamba sala zake ni za kukariri na hazitoki moyoni. Naye mlokole huambiwa kwamba maombi yake ni makelele ya mtu asiyejua anazungumza na nani. Nimezisikia hukumu hizo zikitolewa na watu wanaompenda Mungu kwa dhati, lakini naona kwamba zote mbili zinatazama umbo la sala na kumsahau anayesali.

Nitaziweka njia hizo mbili upande kwa upande na kuzipima kwa kipimo kimoja: ni ipi inayomsaidia mtu asimame mbele za Mungu jinsi alivyo, bila mapambo na bila maficho. Jibu haliwezi kuwa moja kwa watu wote. Hata hivyo, si kweli kwamba njia yoyote inamfaa mtu yeyote wakati wowote, na ndiyo sababu ulinganisho huu una maana.

Kile Yesu alichokataza na kile alichotoa

Sura ya 6 ya Injili ya Mathayo ndiyo inayonukuliwa zaidi katika ubishi huu, na kwa kawaida kila upande hunukuu nusu yake. Yesu anakosoa mambo mawili. La kwanza ni kusali ili kuonekana na watu, na dawa yake ni aya ya 6: "ingia katika chumba chako cha ndani, na ukiisha kufunga mlango wako, usali mbele za Baba yako aliye sirini." La pili ni kudhani kwamba wingi wa maneno ndio unaomfanya Mungu asikie, na hapo ndipo anaposema, "msipayuke-payuke, kama watu wa Mataifa." Mara tu baada ya makatazo hayo, katika aya ya 9, anawapa wanafunzi sala yenye maneno maalumu, fupi kiasi kwamba mtoto huishika yote, nasi tunaiita Sala ya Bwana. Anayetumia aya ya 7 kupinga kila sala iliyoandikwa anafunga Biblia aya mbili mapema mno. Na anayetumia aya ya 9 kuthibitisha kwamba kuyatamka maneno kunatosha amekwisha kuuacha nyuma ule mlango uliofungwa wa aya ya 6.

Wakristo wa kwanza waliyapokea maneno hayo kama sala ya kusaliwa hasa, wala si kama mfano wa kutazamwa tu. Didake, mojawapo ya maandishi ya kale kabisa ya Kikristo nje ya Agano Jipya, inaagiza Sala ya Bwana isaliwe mara tatu kwa siku. Lakini tukimtazama Yesu mwenyewe katika saa zake za mwisho, tunaona njia zote mbili zikikutana ndani ya muda usiotimia siku moja. Gethsemane aliomba kwa maneno yake mwenyewe, maneno yaliyotoka katika hofu halisi ya usiku ule: "Baba yangu, ikiwezekana, kikombe hiki kiniepuke, walakini si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe." Mathayo anaongeza kwamba alirudi kuomba mara ya tatu "akisema maneno yale yale." Alasiri iliyofuata, msalabani, alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22, ambayo Waisraeli walikuwa wakiyasali tangu vizazi vingi. Hakuna anayeweza kusema kwamba kilio cha msalabani hakikuwa cha dhati kwa sababu kilikuwa kimeandikwa, wala kwamba ombi la bustanini lilikuwa kupayuka kwa sababu lilirudiwa.

Sala iliyoandikwa: inachotoa na inakopotea

Faida ya kwanza ya sala iliyoandikwa, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote, ni kwamba inatuwekea mdomoni mambo ambayo sisi wenyewe tusingeyaomba. Mtu akiachiwa maneno yake, huanza na ada ya shule, ugonjwa wa mama, kesi iliyoko mahakamani na kazi inayolegalega. Ni haki yake, kwa maana Mungu hachukizwi na mahitaji yetu. Sala ya Bwana, hata hivyo, humlazimisha kutamka kwanza jina la Mungu, ufalme wa Mungu na mapenzi ya Mungu, na riziki huja baadaye. Kisha inamfikisha pagumu: "Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Mtu aliyegombana na ndugu yake juu ya shamba la urithi anaweza kusali mwaka mzima kwa maneno yake mwenyewe bila kulitaja jambo hilo hata mara moja. Anayesali Sala ya Bwana analitaja kila asubuhi, apende asipende, na siku moja sentensi hiyo itamkwama kooni. Kukwama huko ndiko mwanzo wa unyofu.

Faida ya pili huonekana wakati wa msiba na ugonjwa. Aliyefiwa na mtoto hana maneno, na kumwambia "omba kwa maneno yako" ni kumwongezea mzigo. Zaburi zinayo maneno aliyokosa. Zaburi ya 13 inaanza kwa "hata lini", na Zaburi ya 88 inamalizika gizani bila kuleta faraja yoyote, ila nayo imo katika Biblia na Kanisa linaisali. Jambo hili lina uzito kuliko tunavyodhani, kwa sababu wengi wetu tumezoeshwa kwamba mtu wa imani huomba kwa kauli za ushindi tu, na hivyo tunaogopa kumlalamikia Mungu hata pale ambapo moyo wote umejaa malalamiko. Anayeisali Zaburi ya 88 siku ya huzuni yake anasema ukweli kwa Mungu kwa ruhusa ya Maandiko yenyewe, na kwa kufanya hivyo huenda akawa mnyofu kuliko jirani yake anayetangaza ushindi kwa sauti iliyokauka.

Tena, sala iliyoandikwa hutuunganisha. Katika jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970, bibi asiyejua kusoma, kijana wa chuo na mtoto wa darasa la pili husali rozari moja kwa sauti moja, wala hakuna anayeshinda wenzake kwa ufasaha. Usawa huo ni neema ambayo maombi ya kujitungia hayaitoi kwa urahisi.

Hatari yake nayo ni ya kweli, na wapinzani wake hawakuizua. Kinywa kinaweza kwenda peke yake. Nabii Isaya, katika sura ya 29, alikwisha kuwakemea watu wanaomheshimu Mungu kwa midomo huku mioyo yao iko mbali, na Yesu aliyarudia maneno hayo. Ndani ya Kanisa Katoliki lenyewe, Papa Paulo VI aliandika mwaka 1974 kwamba rozari isiyo na tafakari ni mwili usio na roho. Mtakatifu Teresa wa Lisieux, aliyefariki mwaka 1897 na ambaye Wakatoliki wanamwita mwalimu wa Kanisa, alikiri waziwazi kwamba kusali rozari akiwa peke yake kulimgharimu sana na kwamba hakuweza kuyakaza mawazo yake. Hakuwa na nguvu ya kutafuta sala nzuri vitabuni, akaamua kumwambia Mungu kwa urahisi kile alichotaka kusema, kama watoto wasiojua kusoma. Upande wa Waprotestanti, John Bunyan, aliyekaa gerezani Bedford, Uingereza, takriban miaka 12 kuanzia 1660 kwa sababu alikataa kuacha kuhubiri nje ya Kanisa la serikali, aliandika akiwa kifungoni kupinga kulazimishwa kwa kitabu cha sala. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba moyo usio na maneno ni bora mbele za Mungu kuliko maneno yasiyo na moyo. Hakuna Mkristo mwenye busara anayeweza kuikataa hoja hiyo. Linaloweza kubishaniwa ni kama kufunga kitabu ndiko kunakouleta moyo.

Maneno yako mwenyewe: yanachotoa na yanakopotea

Nguvu ya maneno yako mwenyewe ni kwamba yanataja jambo lenyewe. Sala iliyoandikwa inasema "makosa yetu", wewe unaweza kusema, "Bwana, jana nilimdanganya mwajiri wangu kuhusu zile fedha." Baina ya kauli hizo mbili kuna umbali mkubwa, na toba nyingi hufia katikati yake. Maandiko yamejaa watu walioomba hivyo. Hana, katika sura ya kwanza ya Samweli wa Kwanza, aliomba moyoni, midomo ikitikisika bila sauti kusikika, hata kuhani Eli akamdhania amelewa. Nehemia, alipoulizwa na mfalme anataka nini, alimwomba Mungu wa mbinguni pale pale kabla ya kujibu, na ombi hilo lilikuwa fupi kiasi kwamba mfalme hakusubiri. Petro alipoanza kuzama alisema, "Bwana, niokoe." Baba wa yule kijana mgonjwa katika Marko sura ya 9 alisema kwamba anaamini, akaomba asaidiwe kutokuamini kwake, na sijui sala nyingine iliyo nyofu kuliko hiyo. Utaona kwamba maombi haya ya papo hapo yanayosimuliwa kwa heshima katika Maandiko mara nyingi ni mafupi mno.

Katika eneo letu, mfano ulio wazi kuliko yote ni Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea katika miaka ya 1930 kutoka Gahini nchini Rwanda hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Watu wa uamsho huo, Balokole kama walivyoitwa Uganda, walikutana katika vikundi vya ushirika, wakaungama dhambi zao kwa kuzitaja, wakaomba kwa maneno mepesi, na wakarudisha vitu walivyoiba. Jambo ambalo halisemwi mara nyingi ni kwamba sehemu kubwa yao walibaki ndani ya Kanisa Anglikana, ambako Jumapili waliendelea kusali kwa kufuata kitabu. Katikati ya juma waliomba kwa maneno yao, Jumapili kwa maneno ya Kanisa. Uamsho wenyewe, ambao walokole wengi wa leo wanauhesabu kuwa mzizi wao, haukuona ulazima wa kuchagua moja na kuitupa nyingine.

Sasa hatari yake. Kosa lililoenea ni kudhani kwamba sala ikitungwa papo hapo basi imetoka moyoni. Luka sura ya 18 inalivunja wazo hilo kabisa. Farisayo aliyepanda hekaluni hakusoma kitabu chochote. Aliomba kwa maneno yake mwenyewe, akaanza vizuri kabisa kwa shukrani, "Ee Mungu, nakushukuru," kisha shukrani hiyo ikageuka kuwa orodha ya sifa zake na ya kasoro za aliyesimama nyuma yake. Mtoza ushuru naye aliomba kwa maneno yake mwenyewe: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Ni maneno saba. Njia ni moja, lakini mmoja alirudi nyumbani amehesabiwa haki na mwingine hakuhesabiwa. Tofauti ilikuwa katika kile ambacho kila mmoja alikubali kionekane.

Zaidi ya hayo, maneno ya kujitungia nayo hugeuka kuwa kanuni ya kukariri, ila bila uzuri wa sala za kale. Ukimsikiliza mwombaji mmoja kwa muda mrefu utaweza kutabiri atakachosema: ataanza kwa "tunakuja mbele zako", ataingiza "Baba" kila baada ya maneno machache kama anayetafuta pumzi, atavunja kila nira, atafunika kila kitu kwa damu, na atamalizia kwa mtiririko ule ule. Simlaumu. Kila anayesali sana hupata njia anazozizoea, na mazoea si dhambi. Lakini basi asimhukumu mwenzake mwenye kitabu, kwa maana wote wawili wana maneno yanayojirudia, na wote wawili wanahitaji kuyatia moyo upya.

Ipo pia hatari ya kuomba kwa ajili ya masikio ya watu. Katika maombi ya kikundi ni rahisi mno kumwambia Mungu jambo ambalo kwa kweli tunataka jirani alisikie: "Bwana, uwasaidie wale wanaochelewa ibada." Hayo ni mahubiri yaliyovikwa vazi la sala, na pengine ni masengenyo. Yesu aliwasema walimu wa sheria waliosali sala ndefu kwa unafiki huku wakila nyumba za wajane. Wingi wa maneno ulikuwa pazia. Na anayejizoeza kuomba kwa hisia tu, hata asipopata joto moyoni akaona hajasali, ataacha kusali pale hasa anapohitaji sala, yaani katika miezi mikavu inayomfikia kila Mkristo.

Urefu, sauti na marudio

Mambo matatu huchanganywa na unyofu wakati si unyofu wenyewe. Urefu ni la kwanza. Mtakatifu Augustino, akimwandikia mjane Proba karibu mwaka 412 juu ya kusali, alitofautisha kusema sana na kusali sana: mtu anaweza kukaa muda mrefu mbele za Mungu kwa shauku huku maneno yake ni machache. Anawataja ndugu wa Misri waliokuwa na sala za mara kwa mara, fupi sana, zilizorushwa haraka ili usikivu usije ukapoa. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto kwa wamonaki, iliyotungwa karne ya sita, inasema katika sura ya 20 kwamba sala iwe fupi na safi, isipokuwa neema ya Mungu yenyewe iirefushe. Yesu alikesha usiku kucha mlimani akiomba, kwa hiyo mkesha si kosa. Kosa ni kuhesabu saa kana kwamba Mungu analipwa kwa saa.

Sauti ni hivyo hivyo. Manabii wa Baali walipiga kelele tangu asubuhi hadi adhuhuri, na Eliya aliomba kwa sentensi chache. Lakini Bartimayo alipaza sauti, akakemewa na umati, akazidi kupaza, na Yesu akasimama. Swali la kujiuliza ni kama ungepaza sauti hiyo ukiwa peke yako chumbani. Kama jibu ni hapana, itazame sauti yako kwa makini.

Kuhusu marudio, ipo njia ya tatu iliyo kati ya kitabu na maneno yako, nayo ni sala fupi inayorudiwa. Yohane Kasiano, aliyeishi miongoni mwa wamonaki wa Misri, alieleza jinsi walivyoshika mstari mmoja wa Zaburi ya 70, "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima," wakausema kazini, mezani na kitandani. Waorthodoksi wana sala ya namna hiyo wanayoliitia kwayo jina la Yesu na huruma yake. Kwa dereva wa bodaboda, muuguzi wa zamu ya usiku au mama anayeamka kabla ya alfajiri, njia hii huenda ikawa ndiyo pekee inayowezekana kweli, na sioni kwamba ni ya daraja la chini. Iko pia sala ya kimya, ya kukaa tu mbele za Mungu. Ni nzuri, lakini kwa anayeanza mara nyingi huishia usingizini, na ni afadhali ije yenyewe baada ya maneno.

Kuchagua

Ushauri wangu ni kwamba mtu achague kwa kuutambua uongo wake mwenyewe. Kila njia ina namna yake ya kujificha: katika kitabu, tunajificha kwa kutokuwepo, katika maneno yetu, tunajificha kwa kujionyesha au kwa kujizunguka wenyewe. Kwa hiyo, kama wewe ni mwepesi wa kusema, kama watu wanakusifu kwa maombi yako na moyo wako unafurahia sifa hiyo, chukua Zaburi na Sala ya Bwana na uzisali peke yako kwa muda wa kutosha, polepole, bila kuongeza neno. Kama ulilelewa katika sala za kitabu tangu ubatizo hata sasa unaweza kumaliza sala za jioni huku ukipanga bajeti ya kesho, weka kitabu kando kwa majuma kadhaa na umwambie Mungu jambo moja tu kila siku, jambo la kweli la siku hiyo, kwa lugha unayotumia ukiwa nyumbani. Kihehe, Kikikuyu au Kiswahili cha mtaani, vyote vinafaa. Lugha ya mimbari haihitajiki chumbani.

Kwa aliye katika dhambi anayoijua, maneno yake mwenyewe ni bora, kwa sababu lazima ayataje mambo kwa majina yake. Kwa aliyefiwa, mgonjwa au aliyechoka kupita kiasi, sala iliyoandikwa ni bora. Kwa mwenye hasira na mtu, Sala ya Bwana kwanza, kisha maneno yake. Kwa anayetaka kufanya uamuzi mkubwa, aanze na maneno yake ili ajue anataka nini, halafu amalizie kwa "mapenzi yako yatimizwe," na akiona hawezi kuyatamka maneno hayo amekwisha kupata habari muhimu juu ya moyo wake.

Lakini kwa wengi, kwa siku za kawaida, njia ninayoipendekeza ni ile ambayo Martin Luther alimweleza kinyozi wake Peter mwaka 1535, kinyozi huyo alipomwomba amfundishe kusali. Luther hakumpa sala mpya. Alimwambia aichukue Sala ya Bwana, ombi moja baada ya jingine, na kila ombi alipanue kwa maneno yake mwenyewe. Afanye vivyo hivyo kwa Amri Kumi na kwa Kanuni ya Imani. Akamwonya asijifunge kwa maneno ya mwalimu wake, na akaongeza kwamba mawazo mema yakifurika katika ombi moja, basi mengine ayaache, anyamaze na kusikiliza, kwa maana hapo Roho Mtakatifu mwenyewe anahubiri. Akamkumbusha kwamba kinyozi mwema huweka mawazo na macho yake kwenye wembe na nywele. Akianza kuongea na kutazama huku na huku, atamkata mteja. Katika njia hii sala iliyoandikwa inatoa reli na maneno yako yanatoa mwendo. Hupotei katika mahitaji yako peke yake, wala hulali ndani ya maneno ya wengine. Dakika kumi zinatosha kuanza. Mkatoliki anaweza kufanya hivyo hivyo kwa kila tendo la rozari, yaani kila tukio linalotafakariwa ndani yake, akisimama kidogo kabla ya kulianza ili kusema kile tendo hilo linachokigusa katika siku yake.

Nyumbani penye watoto, njia hizo zisitenganishwe. Sala ya Bwana isaliwe na wote, kisha kila mtoto aseme jambo moja la kushukuru na moja la kuomba, na wazazi waseme pia, kwa ukweli na si kwa kufundisha. Mtoto akiomba kwamba kuku wake apone, asichekwe wala asisahihishwe. Mzazi anayetumia zamu yake ya kuomba ili kumsema mtoto kwa Mungu mbele ya ndugu zake ataharibu kwa jioni moja kilichojengwa kwa mwaka.

Ulinganisho mmoja zaidi hauepukiki siku hizi, nao ni kati ya kusali mwenyewe na kuombewa. Barua ya Yakobo sura ya 5 inamwagiza mgonjwa awaite wazee wa Kanisa wamwombee, kwa hiyo kuombewa ni jambo jema na la Maandiko. Lakini aliyeaminishwa kwamba sala yake haifiki mpaka ipitie kwa mtumishi fulani, kwa sadaka ya kiasi fulani, amenyang'anywa kile chumba cha ndani alichopewa na Yesu mwenyewe. Paulo anaandika katika Warumi 8:26 kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na suluhisho analolitaja ni Roho anayetuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Aombewe, ndiyo, na asali pia, hata kama anachoweza ni kuugua tu.

Linabaki suala la anayeombwa kuongoza sala mbele ya watu, katika kikao cha harusi, msibani au shuleni. Hapo ni vema kuunganisha: kutaja kwa sentensi chache jambo lililowakusanya watu, kwa maneno rahisi ambayo kila aliyepo anaweza kuyaitikia "Amina" bila kusitasita, kisha kuwaalika wote katika Sala ya Bwana. Anayejua mapema kwamba ataombwa aandike sentensi hizo na kuzisoma bila aibu, kwa kuwa kuandaa maneno utakayomwambia Mungu kwa niaba ya wengine ni heshima kwao na kwake. Msibani hasa awe mfupi, ajiepushe kueleza kwa nini Mungu ameruhusu kifo kile, na jina la marehemu alitaje sawasawa.